Usichinje Ile Kuku

"Sambaza! Sambaza ya Kituku, ingali inaruka!"

Mukakalisa aliingia mtaa wa Ndosho na beseni kichwani, mtoto mgongoni, ndala zikilalamika juu ya mawe meusi ya volkano. Sambaza, dagaa wa ziwani wanaouzwa ufukweni Kituku, hawana subira. Ukiwatoa ziwani alfajiri, jua la mchana likiwakuta hawajauzwa, wanageuka harufu, na harufu hainunuliwi. Ndiyo maana alitembea upesi akipaza sauti kila kona, na Niyigena mgongoni akiitikia kwa lugha yake, kama mtu aliyeajiriwa.

Mteja wake wa kwanza siku zote alikuwa Mama Élodie, mjane mwenye nyumba ya mbao na televisheni isiyozimwa ila umeme ukikatika. Mama Élodie alitoka na sahani mkononi, kama kawaida. Akamwona. Sahani ikamtoka ikapasukia juu ya jiwe.

"Yesu wangu! Toka! Toka hapa kwa jina la Yesu!"

"Mama Élodie, ni miye. Sahani yako imevunjika."

"Mufu hauzishi sambaza!"

"Basi ni kusema siko mufu."

Mama Élodie alisogea kidogo kidogo, akanyoosha kidole, akagusa unyayo wa mtoto. Ulikuwa wa moto. Hapo akaketi chini palepale kati ya vipande vya sahani, akaanza kulia, kisha akakasirika.

"Nimelia tangu asubuhi! Hata chai sikukunywa! Kumbe nalilia mutu anatembea na beseni?"

Mukakalisa alicheka. Alidhani ni mambo ya ndoto. Mama Élodie hakucheka. Alitoa simu kifuani, akamwonyesha video iliyokuwa imezunguka kwenye grupu zote za Ndosho tangu usiku. Nyumba ya mbao inawaka, mabati yanajikunja kama majani ya mgomba, watu wanapiga kelele, na chini mtu ametia muziki wa kanisani. Kisha kamera ikasogea mbele, ikakaa juu ya mlango uliokuwa bado haujashika moto: mlango wa bluu, na juu yake kiganja cha mtoto, cheupe, kimegongwa kwa rangi.

Kicheko kilimkauka. Ule mlango aliupaka yeye mwenyewe, kwa rangi iliyobaki ya jirani, na kiganja kile ni cha Niyigena, siku aliyotimiza mwaka. Walipanga mle miaka miwili. Mwezi uliopita alimwambia mwenye nyumba, Bagalwa, kwamba waya za umeme zilizofungwa pamoja chini ya bati zina joto hata kabla hujazigusa. Bagalwa alimjibu: "Kama unaogopa moto, enda ulale ndani ya ziwa." Akahama. Akapata chumba upande wa pili wa mtaa, na aliyeingia mahali pake alikuwa mwanamke mmoja aliyepokea ufunguo kwake mlangoni, mara moja tu, wala hawakuulizana majina.

"Na asubuhi redio imekutangaza," alisema Mama Élodie. "Weye na mutoto. Wamesema: familia ya kule Kalengera ijulishwe."

Ndipo Mukakalisa alipolitua beseni chini.

Kalengera, kwenye barabara ya kwenda Rutshuru, mama yake ana redio ndogo ya betri. Huifunga kwa kamba kwenye msumari juu ya kitanda na kuisikiliza kila asubuhi, habari, mahubiri, na hasa matangazo ya vifo, kwa sababu kwa watu wa kule tangazo la redio ndiyo barua. Mnara wa simu umekufa kitambo, hakuna rezo. Na mama ana moyo mbaya. Daktari alimkataza hata kubeba kuni. Bibi yule sasa ameshasikia kwamba binti yake na mjukuu wake wameungua. Kama moyo haukumwangusha papo hapo, kesho asubuhi atapanda gari la kwanza kuja kuzika, apite vizuizi vyote vya njiani, na vita vile vinavyolala na kuamka vyenyewe.

"Nani amenitangaza?"

"Si ndugu yenu, Théogène wa viatu."

Théogène alikuwa fundi viatu na katibu wa umoja wa watu wa Kalengera waishio Goma. Umoja ule una desturi moja isiyovunjwa: habari ya kifo isilale. Yeyote anayeisikia kwanza anakimbia redioni kabla jua halijapanda, asije ndugu akazikwa bila ndugu kujua. Mukakalisa alimkuta mbele ya kibanda chake na mabenchi ya kuazima, wazee watano wamekwisha kukaa wanazungumza habari za sanduku la kuzikia.

Théogène alimwona. Kiatu alichokuwa anashona kilimwanguka.

"Mukakalisa? Ni weye ao ni nini?"

"Kaka Théogène, umeniua juu ya nini?"

"Niliona mulango! Mulango yako! Na kamukono ka mutoto! Nikapiga simu yako mara na mara, imezimika. Mutu nyumba yake imeungua na simu yake imezimika, ungesema nini weye?"

Simu ya Mukakalisa ilikuwa kwa Munyaneza wa kuchajisha simu tangu jana, maana kwake umeme ulikuwa haujarudi. Ikawa kweli katika mji huu: simu ikizimika, na wewe unahesabiwa umezimika. Hakuna aliyefikiri kuuliza kwanza kama bado alikuwa anakaa mle.

"Sasa inuka," alisema. "Uliyenizika, ukanifukue."

Mzee mmoja alikohoa. "Na pesa ya sanduku tumekwisha changa?"

"Papa, tununue dawa ya moyo ya mama," alisema Mukakalisa, na wazee wakakubali bila mjadala, kwa aibu.

Redio ilikuwa kwenye nyumba ya ghorofa, kwenye njia ya kwenda mjini. Njiani Mukakalisa aliona mji kama hajawahi kuuona. Kila kibanda kina kioo kinachong'aa. Kwa kinyozi wazungu wanacheza mpira. Kwa muuza vifaa vya simu mhubiri anaponya viwete. Vijana wameketi juu ya pikipiki zao, vichwa chini, dole gumba likipanda na kushuka. Mara mbili alimsikia mtu akicheza ile video ya moto, na ule muziki wa kanisani. Akatamani kusimama aseme: ni miye huyo. Lakini hakuna aliyeinua macho. Mji mzima ulikuwa umemwona akifa, na hakuna aliyekuwa anamtazama akipita.

Kwenye gishe ya matangazo, dirisha la kupokelea watu, kulikuwa na Henri, kijana wa shati jeupe na kalamu tatu mfukoni. Aliwasikiliza mpaka mwisho, tena kwa adabu.

"Pole sana, mama. Ni jambo ya kusikitisha. Lakini komunike ya kuvunja tangazo ingine inaomba atestasio. Karatasi ya shefu wa avenu, yenye muhuri, inasema kama mutu ni muzima."

"Lakini miye niko hapa mbele yako."

"Miye naona mutu. Redio inaona karatasi."

"Na huyu?" Mukakalisa alimgeuza Niyigena mgongoni. Mtoto alimtazama Henri, akapiga chafya.

"Mama, nikitangaza kila mutu anayekuja kusema hakufa, kesho nitapewa kesi."

"Asubuhi ulimwomba Théogène karatasi gani ya kusema nimekufa?"

Henri aliichomoa kalamu moja, akairudisha mfukoni. Alionekana kuwa hajawahi kuwaza hilo. "Kifo hakuna anayekidanganya," alisema mwishoni.

Kwa shefu wa avenu ya zamani, njia aliyokuwa akikaa kabla ya kuhama, waliambiwa habari ya vifo imekwisha kupelekwa juu, naye hana uwezo wa kufufua mtu. Kwa shefu wa avenu mpya waliambiwa Mukakalisa hajulikani bado. Alete karatasi ya kuhamia kutoka avenu ya zamani. Théogène alijaribu kufanya mzaha: "Basi dada, uko umekufa kule na huku haujazaliwa." Mukakalisa hakucheka. Jua lilikuwa limepita katikati. Sambaza wameanza kunuka ndani ya beseni, akawagawia watoto wa jirani, kuliko kuwatupa. Gari za Rutshuru zilikwisha kuzuiliwa tangu adhuhuri mpaka kesho; hapakuwa na mtu wa kutuma.

Wakati wa kurudi alipita mbele ya nyumba iliyoungua. Hakutaka, miguu ilikwenda yenyewe. Mabati yalikuwa chini, majivu yamelowa, na mlango wa bluu umesimama peke yake kwenye fremu yake, nyuma yake hakuna nyumba. Vijana walikuwa wanapanga mstari kupiga picha na kile kiganja.

"Yule aliyekutwa amekufa ndani alikuwa nani?" aliwauliza.

"Wanasema mama mumoja Mukakalisa."

"Hapana. Mwingine. Yule mupya."

Walitazamana. Jirani mmoja alisema alikuwa anauza makala, mkaa wa kupikia, mwingine akasema hapana, alikuwa anafua nguo za watu. Bagalwa amekimbia, simu yake haipatikani. Jina hakuna aliyelijua. Siku zote alikuwa anaondoka giza na kurudi giza. Hakuna aliyemlilia, kwa sababu machozi yote ya Ndosho yalikuwa yamepelekwa kwa Mukakalisa.

Alikumbuka ile siku ya ufunguo. Mwanamke kijana, pengo katikati ya meno ya juu, kovu la mwezi mchanga chini ya jicho, sweta ya kijani iliyoraruka kiwiko. Alikuwa amegusa ule mlango akasema: "Nani amepaka hii muzuri hivi? Miye nitaiacha hivi hivi. Nikipata mutoto, nitaweka na yake."

Mukakalisa alikwenda kwa Munyaneza mbio, akachukua simu yake.

Kila siku saa kumi na moja jioni, redio ileile ilikuwa na kipindi cha salamu. Watu walipiga simu kuwasalimia ndugu zao, kuomba nyimbo, kutakiana ndoa njema. Hapo hawaombi karatasi. Unasema jina lako, unasalimia, unakatwa. Nyumbani kwake, Mama Élodie alitia inite, pesa ya kupigia, kwenye simu, akazima televisheni yake mwenyewe, jambo lisilowahi kuonekana, akafungua redio. Théogène alishika mtoto. Mukakalisa akapiga. Inashughulika. Akapiga. Inashughulika. Nyimbo zikapita, harusi zikapita, mtu akawasalimia wachezaji wote wa timu yake kwa majina, mmoja mmoja, na Mama Élodie akamtukana mpaka akamaliza.

Kisha simu ikaita.

"Allô, uko hewani na Cirimwami! Ni nani na anasalimia nani?"

Théogène alimgusa kwa mguu asichelewe.

"Ni Mukakalisa wa Ndosho. Nasalimia mama yangu, Mama Mwavita wa Kalengera."

"Vizuri sana! Unamwambia nini?"

"Mama, ni miye. Usikie sauti yangu muzuri. Ile kuku nyekundu unanifugia, ile uliyosema utanichinjia siku nitakuja, usiichinje leo. Usiichinje kwa matanga. Nitakuja kuikula mwenyewe, na Niyigena atakula paja. Kaa hapo hapo nyumbani, usipande gari."

Cirimwami alicheka. "Ee, salamu za kuku hizo! Haya dada, wimbo gani..."

"Sijamaliza, papa. Nasalimia na mama mwingine. Simujui. Ule mwenye kuwa na binti, ana pengo katikati ya meno ya juu, na kovu chini ya jicho, anavaa sweta ya kijani. Binti yako alikuwa anakaa Ndosho, nyuma ya mulango ya bluu. Nyumba iliungua na waya za mwenye nyumba, na redio imesema ni miye. Siko miye. Namba yangu ni..."

Aliitaja upesi upesi, bila kuvuta pumzi.

"Dada, dada, komunike zinapita ku gishe..."

Na wimbo ukaingia juu ya sauti yake. Harusi nyingine.

Mama Élodie alitazama simu juu ya meza kana kwamba ni chungu kinachongoja kuchemka. Niyigena akasinzia mapajani mwa Théogène, mkono umefunguka. Mukakalisa alisimama, akakaa, akasimama. Je, betri za mama zilikuwa na nguvu? Je, redio ilikuwa wazi, au imefunikwa kwa kitambaa kama wanavyofanya nyumba ikiwa na msiba?

Simu ikalia. Namba ya mgeni.

"Allô?" Sauti ya mzee, na nyuma yake upepo mkali. "Ni weye uliyesema ku redio?"

"Ni miye, papa. Uko wapi?"

"Niko huku Rutshuru, nimepanda ku kilima kutafuta rezo. Hiyo kovu... iko upande gani?"

Mukakalisa alifumba macho, akauona ule uso mlangoni. "Kushoto, papa."

Upepo tu ukasikika. Kisha mzee akasema polepole: "Alianguka ku jiwe la kusaga. Alikuwa na miaka mine."

"Pole, papa. Pole sana." Akangoja. Aliona haya kuuliza, lakini akauliza. "Redio inasikika huko? Inafika mpaka Kalengera?"

"Inasikika, mwanangu. Kila nyumba. Mpaka kuku yako tumeisikia."

Mama Élodie alijifunika uso kwa kikwembe.

"Papa," alisema Mukakalisa, "jina yake ni nani?"

Mzee akamwambia.

Jua lilikuwa bado halijazama nyuma ya vilima alipofika kwenye mlango wa bluu, kipande cha makala mkononi. Vijana walikuwepo bado na simu zao. Alipita katikati yao, akasimama mbele ya kiganja cha mwanawe, na chini yake akaandika kwa herufi kubwa zile alizojifunza shule ya jioni, moja moja, akikandamiza makala mpaka ikavunjika: UWINGABIRE.

Kisha akawageukia.

"Sasa pigeni picha."