Mshono Namba Kumi na Saba

Jumatatu, saa tatu asubuhi, karakana ya ukaguzi ilifunga chumba cha giza. Dawa za kusafishia filamu zilimwagwa, taa nyekundu ikang'olewa, na mlango ukaondolewa kabisa ili jokofu la maji ya kunywa lipate pa kupita. Kwa miaka ishirini na sita fundi eksirei alikuwa akisafisha humo picha za mabomba na maboila. Sasa alipewa kompyuta na bamba jembamba la kidijitali linaloonyesha mshono wa chuma papo hapo. Alilipenda, maana halikuwa na ile harufu ya siki.

Picha ya kwanza ilikuwa ya bomba la mvuke. Mshono ulionekana safi. Pembeni yake, ndani ya bomba lenye upana wa sahani, alikuwa ameketi mchomeleaji aliyefariki mwaka juzi boila lilipopasuka. Alivaa ovaroli yake ileile. Mkononi alishika moja na saba, zile namba ndogo za madini ya risasi zinazobandikwa juu ya mshono ili ujulikane pichani. Fundi eksirei akamsalimu, akapiga picha ya bomba la pili. Huyo hapo tena.

"Ni wa kwetu?" akauliza meneja, ameinama kwenye kioo.

"Wa kwetu, bosi."

"Mbona hana kofia ya kazi?"

Fundi eksirei akajibu kwamba siku ya ajali alikuwa nayo, labda ilibaki hukohuko. Meneja akaagiza wateja waelezwe mapema. Waliouza mtambo wakaongeza visanduku viwili kwenye fomu: Mtu yupo, Mtu hayupo. Kazi ikaenda.

Mjane wa marehemu alikuwa mfagiaji wa karakana hiyohiyo. Kila alasiri alivuta kiti mbele ya kompyuta akampa mumewe habari za nyumbani: mkubwa kafaulu, mdogo kang'oka jino, bomba la jikoni linavuja na fundi wa mtaa ni domo tu. Kero yake kubwa ilikuwa moja. Getini palikuwa na kibao: AJALI YA BOILA ILITOKANA NA UZEMBE WA MCHOMELEAJI. JIHADHARI. Alikipita kila asubuhi, na watoto wake walikisoma kila walipomfuata kazini. Alitaka kiondolewe.

"Shemeji," alisema siku moja, "hiyo namba aliyoshika ni ya nini?"

Fundi eksirei alikuwa akilingoja swali hilo tangu Jumatatu ile.

"Ni ya mshono uliopasuka. Mumeo aliniambia haujamridhisha, anataka kuukata aurudie. Meneja akasema hakuna muda. Nikabandika moja na saba juu ya mshono wa kumi na mbili, uliokuwa mzuri, nikaupiga picha huo. Filamu haina ubishi, shemeji. Inaonyesha ulichoiwekea."

Mjane akalaza fagio mapajani.

"Na msibani ulikuja ukala kwangu."

"Nilikula."

"Basi kaandike."

Akaandika, kurasa mbili, akatia sahihi. Meneja alizisoma zote bila kukunja uso. Akasema ni maelezo mazuri, ila fomu mpya haina nafasi ya maelezo, ina visanduku tu. Fundi eksirei akaiulizia filamu yenyewe. Filamu zote, akaambiwa, zimenakiliwa kwenye mtambo, na zenyewe zimekwenda kuyeyushwa.

"Mtambo unasema kumi na saba ulikubalika," meneja alisema kwa upole. "Na sahihi ni yako, mzee wangu."

Asiyekuwapo na lake halipo, ndivyo tunavyosema. Huyu alikuwapo kwenye kila picha, na lake vilevile halikuwapo.

Mwezi uliofuata maandishi ya kibao yalikuwa yamefifia kwa jua. Akaitwa mpaka rangi, akayapaka upya, nyeusi ya kung'aa. Alasiri hiyo mjane alivuta kiti kama kawaida, lakini hakuanza habari za watoto. Kioo cha kompyuta kilielekea dirishani, na dirisha linatazama getini.

"Shemeji," alisema, "geuza kioo kidogo. Asikione."

Fundi eksirei akakigeuza kikaelekea ukutani. Kisha akatia tiki kwenye kisanduku, Mtu yupo, na kuweka bomba jingine.