Mchanga wa Lambo

"Hilo beleshi unalibembeleza au unachotea?" Fundi Mabula aliuliza, na wanafunzi sita wa usanifu majengo wakacheka kwa kumwogopa, si kwa kufurahi.

Mwenye beleshi alikuwa Joyness. Alivaa kofia ngumu ya manjano na buti zisizo na tone la saruji, na kwa Mabula hayo mawili yalitosha kumhukumu. Chuo kiliwaleta kijijini Nkoma kwa wiki sita, wajenge kwa mikono yao chumba cha wajawazito kusubiria uchungu pale zahanati. Mhadhiri wao, Method, alilala hotelini Bariadi na kufika Ijumaa tu, kupiga picha. Kufundisha kukabaki kwa Mabula, mtu wa darasa la saba aliyejenga nusu ya nyumba za bati za kata ile.

Aliwadharau kwa moyo mweupe. Kompyuta zao zililizungusha jengo kama kuku wa kuchoma, lakini hawakujua upande upi wa tofali unalala chini. Timazi waliiita "kale kajiwe ka kamba". Mmoja wao, Januarius, alipanga kozi nne za tofali ndipo akakumbuka kwamba chumba kina mlango.

"Msanifu anaota," Mabula alipenda kuwaambia. "Anayeamka ni fundi."

Siku hiyo Joyness alichota mchanga kwenye lundo, akautia katika chupa, akaongeza maji na chumvi kidogo, akatikisa, akaiweka dirishani.

"Unapika nini, injinia?"

"Napima mchanga, mzee."

"Mchanga unapimwa kwa kiganja. Huu ni wa lambo. Ng'ombe wameuponda tangu babu yangu hajaoa. Kila fundi hapa anachota huko."

Hilo lilikuwa kweli. Kwato zilikuwa zimeulainisha mchanga wa pale mifugo inaponyweshewa, na mkokoteni ulifika bila taabu. Mtoni kwenye mchanga safi kulikuwa mbali, na mafundi wa Nkoma hawakuwa na tabia ya kufuata mbali kilicho karibu.

Baada ya chakula cha mchana chupa ilikuwa imetulia. Chini palilala mchanga, vidole vinne. Juu yake tope jeusi, vidole viwili. Juu kabisa vilielea vijiti vya samadi.

"Theluthi nzima ni tope, mzee," Joyness alisema kwa sauti ndogo. "Saruji haishiki hapo."

"Hiyo chupa yako imewahi kujenga hata choo?"

Wenzake wakacheka. Mabula akacheka nao, kisha macho yake yakapanda yenyewe hadi kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya mlango na madirisha. Aliumwaga wiki mbili nyuma kwa mchanga uleule. Kesho yake marunda, ile miti iliyoushikilia, yalikuwa yaondolewe mbele ya akina mama waliobeba maji yake kichwani siku mbili. Juu yake zingepanda tofali na paa. Chini yake wangelala wanawake wenye mimba, na Kwandu, bintiye, alikuwa na mimba ya miezi saba.

Angeweza kuimwaga ile chupa. Method asingejua, na watoto wale wangerudi mjini na alama zao. Lakini alizikumbuka nyufa juu ya milango ya watu, na jibu alilowapa miaka thelathini: ardhi ya mbuga inahema, inavimba na kusinyaa, mama, si kosa la fundi. Walimwamini. Alijichukia, na usiku wake ulikuwa mrefu.

Asubuhi akina mama walifika na Mektilda, kiongozi wao, aliyemwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, bhabha. Leo tunatoa marunda?"

"Mwangaluka, mayu. Hatutoi. Navunja lenta."

"Unavunja?"

"Mchanga ni mbaya. Niliuchagua mimi."

Mektilda alimtazama toka kandambili hadi kofia. "Na yale maji tuliyobeba?"

"Mtabeba tena. Na hawa watabeba."

"Nyumba yangu ina ufa juu ya mlango, panya anapita. Uliniambia ni ardhi."

"Nilikwambia hivyo."

Mektilda akasonya, akageuza ndoo yake juu chini, akaikalia ili aone vizuri. Wenzake wakafanya vivyo hivyo. Hakuna aliyemwonea huruma, naye hakuona kwa nini wamwonee.

"Nikusaidie, mzee?" Joyness aliuliza.

"Shika ngazi," alisema, na safari hii hakumwita injinia.

Alipanda na nyundo na tindo. Pigo la kwanza lilishusha vumbi. La pili likabomoa kipande kikubwa kama ugali uliolala. La tatu likafunua nondo, na nondo ilitoka safi, bila saruji hata ya kushika ukucha, kama ndiyo kwanza imeshushwa dukani.

Mabula akaipangusa kwa kidole gumba. Kutoka pale juu aliyaona mabati ya kijiji yakiwaka jua, nyumba baada ya nyumba. Kwenye ya tatu, aliyoijenga yeye, mwanamke alikuwa amekaa kizingitini, chini ya lenta, akimsuka mtoto nywele.