Mlango wa Nyuma wa Ghala

Kitendawili, nakutegea wewe uliyekaa karibu na moto: mwalimu wangu amenifundisha mwaka mzima, uso wake siujui, wangu haujui, na chakula chetu kinatoka chungu kimoja. Usiseme redio. Redio haipiki. Umeshindwa? Basi nipe mji. Nimechukua Tukuyu na mvua yake yote, sasa sikiliza.

Atupokile aliolewa Nkunga mwaka themanini na tatu, mwaka ambao mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi na chumvi ya kijiji iligawiwa kwa kijiko. Mama mkwe wake, Ikupa, alimwonyesha jikoni siku ya kwanza: chumvi inabanwa kwa vidole viwili, halafu kidole kimoja kinajuta. Atupokile akashika. Kitu akishakishika Atupokile, hakimtoki.

Kitu cha pili alichoshika ni kumkwepa baba mkwe. Kwa Wanyakyusa wa zile nyumba zilizoshikilia mila, mke wa mwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, hakutani naye njiani. Mzee Andongwisye alikuwa mtu wa haki. Kabla ya kukata kona yoyote ya ua wake alikohoa mara mbili, na Atupokile akaingia migombani. Miaka kumi ikapita hivyo. Atupokile alimjua mkwewe kwa kikohozi na kwa alama za mabuti yake ya mpira kwenye tope. Mkwewe alimjua kwa chakula.

Neno likilazimika kupita kati yao, lilipita kwa Ikupa. Naye Ikupa alikuwa na ugonjwa mmoja tu, hakuweza kubeba neno baya. Mzee akisema paa la jiko linavuja, Ikupa alifika jikoni na kusema, "Baba yako anaisifu mvua ya mwaka huu." Mzee akisema mbuzi wamemaliza mahindi, Ikupa alisema, "Anasema mbuzi wana afya." Na kila jioni, akirudisha sahani, "Baba yako amesema ndaga," ndiyo asante ya Kinyakyusa. Meshaki, mume wa Atupokile, alifanya kazi kiwanda cha chai na alikula kantini. Siku za mapumziko alikula nyumbani, akanyamaza, akalala.

Basi ushirika ulipoacha kununua kahawa, wakaja wanunuzi binafsi na magari yao, na ghala la ushirika likabaki na panya. Atupokile aliomba ghala hilo afundishe kisomo. Alikuwa amemaliza darasa la saba akiwa wa kwanza, kisha nafasi ya sekondari ikaenda kwa mtu mwingine, na tangu hapo hakuna aliyemuuliza swali lolote la maana zaidi ya "Maji yamechemka?" Posho ya walimu wa kisomo ilikuwa imekwisha siku nyingi. Alipewa ubao mmoja, boksi la chaki na barua. Barua ilisema darasa liwe na watu kumi na wawili, na wote wafaulu jaribio la mwisho wa mwaka. Likipungukiwa hata mtu mmoja, linafungwa na ubao unapelekwa kijiji cha Isongole.

Wakajiandikisha kumi na mmoja. Wa kumi na mbili hakupatikana hata kwa kubembelezwa.

"Baba yako anasema atakuja," alisema Ikupa siku moja, anamenya ndizi.

Atupokile aliacha kupepea moto. "Aje wapi, mama?"

"Kusoma."

"Na mimi nikae wapi?"

"Wewe ndani, yeye nje. Ghala lina ukuta, halina?"

"Na mvua?"

"Mvua haina mkwe," alisema Ikupa.

Ghala lilikuwa na mlango wa nyuma, kufuli lake limeliwa na kutu, haujafunguliwa tangu meneja wa mwisho ahame. Juu yake kuna upenu. Kila siku kabla ya somo Atupokile aliandika somo kwa chaki upande wa nje wa mlango ule, kisha akazunguka na kuingia mbele. Ndipo kikohozi kiliposikika mara mbili, na kigoda kikawekwa chini. Alifundisha kwa sauti kubwa. Kusema na watu kumi na mmoja na ukuta ukasikia, hilo si kusema na mkwe. Hata mzee wa kanisa aliulizwa, akasema hajawahi kusikia ukuta ukihesabiwa ukoo.

Mzee aliandika majibu yake chini ya somo na kuondoka kabla ya wengine. Baadaye Atupokile alikwenda kusahihisha. Mwezi wa kwanza zilikuwa herufi zinazoanguka ubavu. Mwezi wa tatu ilikuwa "kuku" na "jembe". Mwezi wa tano mlango uliandikwa, "Mvua inanyesha." Ikawa ndiyo sentensi yake. Huko kwetu haikosi kuwa kweli.

Swali moja tu hakulijibu. Juu kabisa ya mlango, wiki ya kwanza, Atupokile aliandika swali alilowapa wote: Kwa nini unataka kusoma? Lusungu, mjane muuza ndizi mwenye ulimi usio na breki, alijibu kwamba amechoka kushika kitabu cha nyimbo na kufungua mdomo kama samaki. Wengine nao walijibu. Mlangoni palibaki patupu. Chaki ilipofifia Atupokile aliandika upya. Mwisho akamtuma Ikupa akaulize.

"Anasema ni swali zuri," alisema Ikupa.

Siku ya jaribio alikuja Bwana Khalidi, mratibu wa elimu ya watu wazima, mtu wa mtaa wa Bagamoyo, hapa hapa Tukuyu mjini, kwa pikipiki ya ofisi iliyokuwa na tope kuliko yeye. Aliwaita mmoja mmoja. Mwalimu akauliza, mwanafunzi akajibu kwa kuandika sentensi kamili, Bwana Khalidi akatia alama. Kumi na mmoja wakafaulu. Lusungu alifaulu na kuomba aulizwe tena.

"Namba kumi na mbili, Andongwisye," Bwana Khalidi alisoma. Akaambiwa yuko nyuma. Kisha, mtu wa mjini, akatoka mwenyewe, akazunguka, akamshika mzee mkono na kumleta kwa heshima zote hadi mlango wa mbele.

Kikohozi. Mara mbili.

Ghala halina migomba. Atupokile alichuchumaa nyuma ya ubao, akajifunika kanga kichwa.

Bwana Khalidi aliingia na mzee, akatazama huku na huku. "Mwalimu yuko wapi?"

"Hayupo," darasa zima lilijibu.

"Alikuwa hapa sasa hivi!"

"Ameondoka," alisema Lusungu, akitazama miguu miwili chini ya ubao.

Bwana Khalidi alifungua kalamu. Alisema pole pole huku anaandika, "Mwalimu... hayupo... kituoni." Akaeleza kwamba kwa utaratibu, darasa lisilo na mwalimu wakati wa jaribio halihesabiwi, hata hao kumi na mmoja.

Nyuma ya ubao Atupokile aliisikia kalamu. Angesimama, ubao ungebaki Nkunga na yeye asingeweza tena kupita mbele ya mtu yeyote pale uani. Asiposimama, ubao unakwenda Isongole. Akaushika mguu wa ubao, ubao ukaanza kutetemeka.

"Baba Khalidi," alisema Lusungu, "huyo ni mkwewe."

Kalamu ilisimama. Bwana Khalidi aliutazama ubao unaotetemeka, akamtazama mzee aliyekuwa amekwisha geukia ukutani kwa adabu. "Jamani, mila yenu naijua, nimezaliwa humu. Fomu ndiyo haijui. Mwalimu lazima aulize, mwanafunzi lazima ajibu, nami nishuhudie."

"Swali lipo," ilisema sauti nyuma ya ubao, ikiliambia darasa. "Liko mlango wa nyuma. Lina mwaka mzima."

Bwana Khalidi alifuta mstari alioandika. Alimtoa mzee nje, wakazunguka. Ndani hakuna aliyekohoa. Atupokile aliinuka, akaenda kusimama karibu na mlango ule wa kutu, akaweka kiganja kwenye mbao.

"Soma," alisikia Bwana Khalidi anasema.

"Kwa ni-ni u-na-ta-ka ku-so-ma," ilisoma sauti ya mzee.

"Sasa jibu. Sentensi kamili, mzee wangu, la sivyo sina la kufanya."

Mvua ilidondoka upenuni. Kisha chaki ikaanza, na Atupokile akaisikia kiganjani, herufi moja, nyingine, ikasimama, ikaendelea. Iliendelea muda mrefu. Haikuwa "Mvua inanyesha". Hiyo alishaijua urefu wake.

"Inatosha, mzee," alisema Bwana Khalidi.

Chaki haikusikia. Ilivunjika, ikaokotwa, ikaendelea. Ndani, Ikupa, aliyekuja kutazama tu, alianza kutafuta njia ya kutokea.

Mwishowe chaki ilinyamaza. Kigoda kililia. Bwana Khalidi alikohoa, lakini mara moja, kwa hiyo hakuna aliyejificha. Akasoma kwa sauti ya ofisini, isiyo na huruma wala ubaya, ili mwalimu asikie alichojibiwa:

"Nataka kusoma ili nimwambie mwalimu mwenyewe, bila kumtuma mama Meshaki: ndaga kwa chakula cha miaka kumi, na chumvi siku hizi ipo dukani."