Bomba Lililolala

Kila asubuhi baba hunywa chai akiwa amesimama mlangoni, nami huwa nimechuchumaa karibu na miguu yake nikipanga mkoba wa kazi. Spana kubwa, spana ndogo, msumeno, tepu nyeupe ya kufungia maungio. Cha mwisho huwa ni pimamaji niliyopewa chuoni, ile yenye kichupa cha maji na povu ndani yake. Hiyo huivingirisha kwenye taulo na kuisukuma chini kabisa, mahali ambapo mkono wa baba haufiki.

Asubuhi hiyo nilikuwa ndiyo kwanza nimeshika taulo, simu ikalia. Baba akaiweka kwenye spika.

"Fundi Jicho!" Ilikuwa sauti ya mkunga, na haikuja na salamu. "Mtambo wako umegoma. Tangu Jumamosi ulipoufunga jua linatuchoma mpaka kuku wanagombania kivuli, na maji yanatoka ya baridi. Nina kichanga cha jana hapa, namchemshia maji kwenye sufuria kama zamani."

Baba akacheka. "Mkunga, isije ikawa unafungua bomba la upande wa pili."

"Nimezalisha nusu ya mtaa huu, nitashindwa kujua bomba la moto na la baridi? Njoo bwana!"

Simu ikakatika. Baba akaweka kikombe mezani, akakosa ukingo kwa kidogo tu. Nilikidaka kabla hakijafika chini. Nikakirudisha katikati ya meza.

Jina la Jicho alipewa na mafundi wenzake. Mtambo wa kupasha maji kwa jua, kama huu tunaoufunga sisi, hauna mashine ya kusukuma maji. Paneli hukaa chini na tangi hukaa juu yake. Maji yakishapata moto ndani ya paneli hupanda yenyewe kwenda tangini, na ya baridi hushuka kuchukua nafasi yake. Lakini ili yapande, bomba linalotoka paneli kwenda tangini lazima liinuke mwanzo mpaka mwisho. Likilala mahali, hata kwa unene wa kidole, hewa hujikusanya hapo na maji hukwama. Mafundi wengine hupima mwinuko huo. Baba hakuwahi. Alifumba jicho la kushoto, akaegemeza shavu kwenye bomba, akasema "inua" au "shusha," na bomba likawa sawa. Miaka ishirini na sita hivyo. "Pimamaji ni miwani ya mafundi vipofu," alikuwa akiwaambia, nao wakicheka mpaka wanashika mbavu.

Mwaka huu jicho lilianza kumsaliti. Mwenye saluni ya barabara ya pili ndiye aliyekuwa wa kwanza kulalamika, na alinipigia mimi kwa kumwonea baba haya. Nilienda Jumapili nikiwa nimeaga kwamba naenda kumwona rafiki yangu. Nikakuta bomba limelala. Nikalinyanyua, nikalifunga upya, nikamwomba yule dada asiseme. Wiki mbili baadaye ikawa nyumbani kwa mwalimu, kosa lilelile.

Mama anajua. "Mwambie wewe," aliniambia tukikunja nguo. "Mimi nikimwambia atasema namzeesha."

Nikasema sawa. Huu ni mwezi sasa. Kila siku nafungua mdomo nimwambie, halafu najisikia nikimuuliza kama anataka chai nyingine.

Na si mabomba yaliyokuwa yakininyima usingizi. Ni ngazi. Kila baba anapoteremka kutoka paani, mguu wake hutangulia kupapasa hewani ukitafuta kipago cha kukanyaga. Mimi hutangulia kushuka, vipago vichache chini yake, nikijifanya nashikilia ngazi isiteleze, kumbe naongoza kisigino chake kwa kiganja. Nyumba nyingine zina ghorofa mbili. Nyingine zina ghorofa tatu.

Tulimkuta mkunga uani kwake, ameweka mikono kiunoni. Nyumba yake ina vyumba vitatu vya kina mama waliojifungua. Kwenye kamba ya nguo zilining'inia nepi nyeupe, ndogo kama leso.

"Shikamoo," nikamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Sema kwa nguvu nikusikie. Huyu binti yako, Fundi, hata siku ya kuzaliwa alikataa kulia. Nilimpiga kibao cha mgongo ndipo akatoa kasauti kama ka kifaranga."

"Bado ni kalekale," baba akasema. "Namwambia kila siku, sauti nayo ipande ngazi."

Wakacheka wote wawili. Nikatazama chini, nikaweka ngazi ukutani.

Paa la mkunga si refu sana, lakini chini yake kuna sakafu ya saruji. Baba akapanda mbele, mimi nyuma yake. Mabati yalikuwa yameshaanza kushika moto. Baba akagusa kioo cha paneli akauondoa mkono haraka, akagusa tangi akauacha mkono hapohapo.

"Paneli inaunguza, tangi limepoa," akasema. "Maji hayapandi."

Akapiga magoti, akafumba jicho la kushoto, akaegemeza shavu kwenye bomba. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko kawaida. Pale nilipokuwa nimesimama, niliona katikati ya bomba palivyobonyea, kama mgongo wa mtu aliyechoka.

"Limenyooka kama uzi," akasema. Kisha, taratibu, "Au wewe unaonaje?"

Hakuwahi kuniuliza hivyo. Nikatazama bomba, nikatazama mabati.

"Nakuuliza wewe uliyesoma. Limeinuka au limelala?"

"Limelala kidogo, Baba."

"Sijasikia."

"Limelala."

"Kiasi gani?"

Sikujua hata jinsi mkono wangu ulivyoingia mkobani. Nilikuja kushtuka pimamaji iko juu ya bomba, bila taulo, mbele yake kabisa. Nikangoja anitanie. Nilikuwa nimejiandaa kwa utani wowote.

Baba akainama. Akasogea. Akasogea tena mpaka pua yake ikakaribia kugusa kile kichupa. Jua lilikuwa limewaka, maji ya ndani yana rangi ya kijani, na povu ni kubwa kama punje ya mahindi.

"Povu liko wapi?" akauliza.

"Limekimbilia kushoto, upande wa paneli."

"Basi limelala sana." Akakaa kwenye bati, mikono juu ya magoti. Kutoka chini kichanga kilikuwa kinalia, na mkunga anakibembeleza kwa kukitukana matusi ya mapenzi.

"Kwa yule wa saluni uliinua kwa kabari ya mbao au ulihamisha kishikio cha bomba?" baba akauliza, kama mtu anayeuliza saa.

Nikamgeukia. "Nani... nani kakwambia?"

"Vidole vyangu. Nilipita kumsalimia, nikapanda. Mimi tepu nazungusha mara saba halafu naikata. Wewe unazungusha kumi na mbili na ukimaliza unailaza kwa kucha, kama unafunga kidonda. Hata kwa mwalimu nimeikuta." Akatabasamu akiangalia upande ambao sikuwa nimekaa. "Unamaliza tepu zangu, binti."

"Kwa nini hukuniambia kwamba umejua?"

"Nilikuwa nakungoja useme wewe."

Nami, badala ya kusema, nikachukua spana. Nililegeza kishikio cha katikati, nikachomeka kabari chini ya bomba, nikasukuma mpaka povu likavuka likakaa upande wa tangi. Nikakaza. Halafu nikafungua kikoki cha juu cha kutolea hewa. Ikatoka kwa mluzi mrefu, ikakohoa maji mara mbili, ikanyamaza. Nikafunga.

Baba alikuwa ameshaweka kiganja juu ya bomba, karibu na paneli. Hiyo ni kazi ambayo kifaa cha chuoni hakiiwezi. Akasogeza kiganja polepole, shibiri kwa shibiri, akifuata joto lilivyokuwa linapanda. Akapita palipokuwa pamebonyea bila kusimama.

"Linakuja," akasema kwa sauti ya chini. "Linakuja, linakuja. Limepita. Lete mkono."

Nikaweka mkono wangu kando ya wake. Bomba lilikuwa na joto kama mtu aliye hai. Tulikaa pale kwa muda, mikono miwili juu ya bomba moja, wala hapakuwa na kazi tena ya kufanya.

"Huko juu mmelala?" mkunga akapaza sauti. "Nije niwafunike?"

"Subiri mpaka mchana ndipo ufungue bomba," baba akamjibu. "Na ukiungua usinilaumu!"

"Nikiungua nitakupaka dawa wewe!"

Baba akainuka, akajikung'uta magoti, akaelekea kwenye ngazi. Siku zote mimi hutangulia kushuka ili nikamshike mguu, lakini safari hii nilikuwa bado nakusanya vifaa. Aligeuka kama anavyogeuka siku zote, akaupa uwanja mgongo. Mguu wa kulia ukashuka ukapapasa. Ukaenda kushoto kwa ngazi. Ukapapasa tena, chini zaidi, na uzito wa mwili wake ukaanza kuufuata.

Niliachia mkoba. Spana zikabingirika kwenye bati kwa kelele ambayo lazima iliwaamsha watoto wote wa nyumba ile. Nikamshika mkono kwa mikono yangu yote miwili, juu ya kiwiko, nikamvuta kwangu mpaka tukakaa chini kwa kishindo, yeye na mimi.

"Nini tena?" akasema. "Nilikuwa nimeshakiona kipago."

"Hukukiona, Baba."

Mkunga alikuwa amesimama uani ameinua uso, na kichanga begani kwake.

Kile kitu nilichokimeza kwa mwezi mzima kilikuwa kimefika mdomoni. Sikukirudisha.

"Hukukiona, na juzi hukukiona, na kwa mwalimu hukukiona, mimi ndiye nilikuwa nakushika mguu," nikasema, na sauti yangu ilitoka kubwa mpaka nikaisikia inagonga ukuta wa jirani. "Mabomba nitayanyanyua hata mia, Baba, na pale chini utanifundisha kila kitu. Lakini sitaki upande tena paani. Naogopa utaanguka ufe, na mimi bado nakuhitaji."