Nusu Kichwa

Mteja aliingia saluni saa nne asubuhi, miwani kaipandisha kwenye paji, dereva wake kabaki nje kwenye gari. Akataka asukwe misuko midogo midogo, akaketi, na kabla kitana hakijamgusa akaanza kumwaga ya moyoni.

"Mwanangu wa pekee, daktari wa meno, kanasa kwa kisichana fulani. Hata kazi yake hataki kunitajia! Siku nikikipata, kitanikoma."

"Pole, mama," msusi akasema, akigawa nywele.

"Huyu hapa mwanangu. Mtazame alivyo mzuri." Mama akainua simu.

Vidole vya msusi vikaganda. Picha ile aliipiga yeye, kwenye ngazi za chumba chake cha kupanga. Miaka miwili wanajificha, na kijana kila wiki anaapa atamwambia mama yake.

Akasuka misuko kumi na tatu mdomo kaubana. Lakini akinyamaza leo, siku ya kutambulishwa ataonekana mnafiki, na hapo ndipo atakapompoteza kijana wa watu.

"Mama, kisichana chenyewe ni mimi."

Mama aliruka kitini, akakwapua mkoba, akafika mlangoni. Kioo cha mlango kikamwonyesha alivyo: kulia nywele zimelala vizuri, kushoto zimetimka kama za mtu aliyekoswakoswa na lori. Dereva akamwona, akageuka upesi, mabega yakimtikisika.

Mama akarudi kitini. "Maliza. Na usinisemeshe."

Saa nzima ikapita, feni tu ndiyo inayolalamika.

"Mbona hunivuti nywele?" mama akauliza ghafla.

"Nikuvute kwa nini, mama?"

"Si nimekutukana! Ningekuwa mimi, ningekuvuta mpaka macho yahamie masikioni."

"Nilitamani kidogo."

Mama akaangua kicheko, ikabidi msusi aachie nywele.

"Na huyo mwoga, kwa nini hakuniambia?"

"Anakuogopa."

"Wewe huniogopi?"

"Miguu hainisikii, mama. Hapa nimeegemea kiti chako."

Mama akainamisha kichwa, kisogo kifikike vizuri.

"Jumapili uje nyumbani, tule pamoja. Na yeye uje naye, hata kwa kumburura. Ila hilo 'mama' uniite kwa moyo, siyo kibiashara."

"Sawa, mama."

"Hilo bado la saluni. Tutalirekebisha."

Msusi akashika fungu la nywele lililofuata, na vidole vikaenda vyenyewe.