Masikio ya Jumamosi

Fundi viatu alikuwa na wivu, na wivu wake ulikuwa na siku yake: Jumamosi, saa tisa alasiri. Saa hiyo mkewe hujifunga kitambaa kichwani akaenda kwenye chumba cha nyuma ya zahanati kukaa na wanaume sita wepesi wa kupiga, waliowaumiza wake, ndugu na majirani zao. Anawasikiliza mpaka jua linazama. Watu wazima na ndevu zao, eti wanamwita Dada! Akirudi nyumbani hoi, mume akimuuliza habari za huko, yeye hujibu "salama" tu, kisha anageukia sufuria.

Hayo angeyameza. Kilichomkaba koo ni kinyozi, mmoja wa wale sita, aliyeleta viatu asubuhi hiyo akamshika mkono kwa huruma.

"Pole sana, fundi. Habari za shemeji yako zilitutoa machozi sote."

"Shemeji gani?"

"Si kaka yake mkeo, aliyeuawa wakati wanakimbia vita?" Kinyozi akajiuma ulimi, akaondoka bila hata kuuliza viatu vitakuwa tayari lini.

Miaka kumi na mmoja ya ndoa, na yeye alichopewa ni neno moja tu: tulikimbia. Kumbe kinyozi, aliyemng'oa mke wake mwenyewe jino kwa kofi, ndiye wa kuambiwa! Alasiri ilipofika fundi hakuvumilia tena. Aliacha viatu vya watu juu ya benchi, akashika njia ya zahanati, akaingia bila hodi.

"Na mimi nataka kusikilizwa!"

Mke hakushtuka, au hakuonyesha. "Karibu. Ila hapa hakai mtu kabla hajasema mkono wake umefanya nini wiki hii. Sheria hiyo haina mkubwa."

Fundi nusura acheke. Yeye hajawahi kumgusa mkewe! Alifungua mdomo aseme hivyo, wale sita wakimngoja bila haraka, likatoka jingine.

"Jumanne nilirusha kiatu. Kilimpita mke wangu sikioni."

"Yeye akafanya nini?" Mke aliuliza kana kwamba si yeye anayesemwa, kwa sauti ileile ya upole ambayo fundi aliionea wivu miezi yote.

"Alikiokota, akanirudishia. Akasema chakula tayari."

"Ukafikiri nini?"

"Kwamba yameisha." Hasira ikampanda upya. "Lakini kaka yako! Hawa umewaambia, mimi mumeo ukaninyima. Kwa nini?"

Kinyozi akainamisha kichwa. Mke alikunja mikono mapajani.

"Kaka aliuawa na mtu tuliyekuwa tunakula naye meza moja. Siku moja kabla, mtu huyo alirusha kikombe, sisi tukacheka. Hawa wamekiri wenyewe. Najua nimekaa na nani. Ninayemuogopa ni wewe, baba watoto."

Fundi akawatazama wale sita mmoja mmoja. Alitaka mtu yeyote aseme si kweli; kinyozi akamsogezea kiti.