Barua Kwenye Sanduku la Mnara

Asubuhi hiyo Posta alikuwa na barua kwenye mfuko wa koti, na kila hatua tatu alikuwa anaishika kuona kama bado ipo.

Posta ndilo jina alilopewa na mtaa, kwa sababu miaka ishirini na sita alizunguka mji mzima akigawa barua za watu, mpaka walipomstaafisha. Barua za posa, za talaka, za msiba, zote zilipita mikononi mwake, na yeye mwenyewe hakuwahi kuandika hata moja ya maana. Sasa ameandika. Imemla wiki tatu na karatasi kumi na moja, na mwandikiwa alikuwa anatembea ubavuni kwake bila habari yoyote.

Mwandikiwa ni Fundi, mshona nguo, mjane kama Posta alivyo mgane. Mwaka mzima sasa, kila Jumamosi asubuhi, walikuwa wakitembea pamoja ile njia ya mzunguko ya ufukweni. Unaanzia kwenye maegesho ya magari, unapita kwenye miti ya mivinje, unafuata ukingo wa mawe juu ya bahari mpaka mnara wa taa, kisha unarudi kwa upande wa nyuma, kwenye majani, hadi palepale ulipoanzia. Ni dakika arobaini, au saa nzima ukiwa na maneno kama Fundi. Daktari ndiye aliyewaamuru watembee, mmoja kwa ajili ya miguu, mwingine kwa ajili ya mgongo. Kuhusu moyo daktari hakusema kitu, kwa hiyo huko Posta alijiendea mwenyewe bila ushauri.

Na leo ndiyo leo. Saa nne kamili binti yake Fundi angefika na gari pale maegeshoni, amchukue mama yake wakaishi wote huko anakofanya kazi, mwendo wa kutwa nzima. Barua isipofika leo, haifiki tena. Mpango wa Posta ulikuwa mwepesi: wafike mnarani, Fundi akae kwenye benchi apumue, yeye atoe barua amkabidhi mkononi, kisha ajifanye anaangalia mawimbi.

"Mbona leo umenyamaza hivyo?" Fundi alimuuliza. "Au viatu vinakubana?"

"Havinibani."

"Basi useme kitu. Nakwenda kukaa kwenye ghorofa la tano na watu wasiosalimiana, angalau nibebe maneno mawili matatu."

Posta akasema upepo wa leo ni mzuri. Jamani, mtu ana wiki tatu za maneno mfukoni, anasema upepo.

Upepo wenyewe ulikuwa umechangamka kweli. Ulimvua Fundi mtandio mara mbili, na mara zote mbili Posta aliukimbiza kwenye majani kama mtoto, akirudi anahema na kucheka bila kujua anacheka nini. Fundi naye akacheka mpaka akajishika mbavu. Wakafika mnarani hivyo, wepesi, vichwa vinawazunguka kidogo, utadhani wamekunywa kitu.

Sasa sikiliza balaa. Kwenye geti la mnara kuna sanduku jekundu la barua, za kuja na za kwenda, na hicho kilikuwa kituo cha mwisho cha Posta miaka yote ile ishirini na sita. Alikuwa akifika hapo, mkono unaingia mfukoni, unatoa, unatumbukiza, naye macho yako baharini. Mkono haukuambiwa kwamba umestaafu. Ukaingia mfukoni, ukatoa, ukatumbukiza. Kifuniko kikalia *kap*, na Posta akabaki ameganda, vidole bado viko mdomoni mwa sanduku.

"Umemwandikia nani?" Fundi akauliza.

"Hakuna."

"Hakuna ana anwani?"

Posta akajaribu kuingiza vidole, vikafika nusu. Akatafuta kijiti. Alikuwa amepiga magoti anachokoa sanduku kwa kijiti cha mvinje mlinzi wa mnara alipotoka na kishada cha funguo kiunoni, mwanamke wa miraba minne asiyejua haraka.

"Kumbe ni wewe," mlinzi akasema. "Nilidhani mwizi. Unatafuta nini humo?"

"Kuna barua imeingia kwa bahati mbaya. Nifungulie, mama, niitoe."

Mlinzi akamtazama kwa raha kubwa. "Unakumbuka mwaka ule nilipomwandikia yule fundi rangi, nikajuta, nikakuomba unirudishie? Uliniambia nini?"

Posta alikumbuka. Alimwambia barua ikishaingia kwenye sanduku si ya mwandishi tena, ni ya mwandikiwa, na kwamba hata waziri hawezi kuitoa. Alimwambia kwa majivuno, kofia kichwani. Na barua ile ilifika, na mlinzi na fundi rangi wana watoto wanne sasa.

Mlinzi akafungua sanduku, akachukua bahasha, akaisoma taratibu. "Fundi Cherehani, nyumba ya tatu, mtaa wa nyuma ya shule." Akainua macho. "Si ndiye huyu hapa?" Akamkabidhi Fundi kwa mikono miwili.

Fundi akaigeuza bahasha, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu. "Miwani nimeiacha kwenye cherehani."

"Lete nikusomee," mlinzi akasema, amekwisha kunyoosha mkono.

"Nasoma mwenyewe!" Posta akaruka, akaipokea kabla haijamfikia mlinzi.

Akaifungua. Karatasi ilikuwa inapigwa na upepo. "Kwako Fundi. Salamu nyingi. Ama baada ya salamu, dhumuni la waraka huu ni kukuomba, endapo hali itaruhusu, ufikirie uwezekano wa..." Akakomea hapo. Aibu ilimwingia mwili mzima. Wiki tatu alikuwa anaiona nzuri, kumbe ni barua ya kuomba kukarabatiwa paa la ofisi.

Akaikunja karatasi. "Fundi, usiende," akasema. "Nakupenda. Jumamosi haifiki upesi, ndiyo shida yangu, tangu Jumapili naanza kuingoja. Nataka tuoane."

Mlinzi akaacha kuchezesha funguo. Fundi akaanza kucheka, na machozi yakamtoka, akayafuta kwa mtandio, akaendelea kucheka.

"Kwa binti yangu utasema wewe," akasema. "Mimi sina mdomo huo."

Hilo lilikuwa jibu. Njia ya kurudi sijui kama waliikanyaga. Posta, aliyekuwa bubu asubuhi nzima, alimwambia kila mtu waliyepishana naye kwamba anaoa: mwendesha baiskeli, wazee wawili na mbwa wao, mwanamke anayekimbia na spika masikioni ambaye ilibidi amsimamishe na kurudia. Fundi alikuwa nyuma yake anamvuta koti, anamwambia anyamaze, na hataki anyamaze.

Binti alikuwa ameegemea gari, mikono kifuani. Posta alipomwona, akafunga vifungo vya koti. Binti akamwamkia, naye akaitika kwa sauti isiyokuwa yake.

"Mwanangu," akaanza. "Mama yako haendi. Namuoa. Ikiwa utaniruhusu."

Binti akashusha mikono. Akamgeukia mama yake. "Mama, nimepitia nyumbani kwanza kuchukua mizigo. Sanduku lako la nguo liko juu ya kabati, lina vumbi. Hukupakia hata kanga moja. Ungesafiri na nini?"

Fundi akaangalia viatu vyake.

"Nilikuwa namsubiri huyu aseme," akajibu.